Kasha la umeme la mashine ya milingi ya CNC nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Dar es Salaam wenye mashine ndogo ya milingi ya mezani, ile ya kuzungushwa kwa mkono, ambao wanaigeuza iwe CNC, yaani iendeshwe na kompyuta. Mambo ya bolskrubu (skrubu za gololi zinazosogeza mhimili) na kufunga mota tuyaache kwa leo. Hapa tunazungumzia boksi tu: kasha linalobeba pawa saplai, draiva (vifaa vinavyoendesha mota), bodi ya kontrola, kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili ya umeme) na nyaya zake zote.

Mfano ninaoutumia ni ule unaokutana nao kwenye mashine nyingi za ukubwa huu: mota tatu za stepa (zinazozunguka kwa hatua ndogondogo) za saizi ya NEMA 23, draiva tatu za DM542, pawa saplai moja ya volti 36 yenye wati 350, na spindo (sehemu inayozungusha kata) yenye umeme wake. Kama mashine yako ni kubwa zaidi, hesabu zitapanda lakini mpangilio utabaki uleule.

Kwani boksi ni lazima? Nimeona watu wamefunga draiva zao kwenye ubao ukutani na zinafanya kazi.

Zinafanya kazi mpaka siku chembe ya alumini itakaporuka. Angalia kwa karibu mahali nyaya zinapoingia kwenye draiva: kuna safu ya skrubu ndogo, na kati ya skrubu moja na ya pili ni milimita chache tu. Moja inabeba volti 36, jirani yake inakwenda kwenye koili ya mota. Sasa okota chini ya mashine yako kipande kimoja cha alumini kilichokatwa na kata ya milimita 6. Kimejikunja, ni chepesi, na urefu wake unatosha kabisa kugusa skrubu mbili kwa pamoja. Kikitua pale mashine ikiwa inakata, draiva imekwenda, na mara nyingi kazi iliyokuwa mezani nayo imekwenda. Vumbi la chuma cha kalibu ni baya zaidi kwa sababu hulioni. Linajilaza taratibu juu ya bodi, kisha linapitisha umeme.

Hayo ni ya upande wa volti 36. Upande wa pili wa pawa saplai kuna volti 230, na mashine hii iko nyumbani, mahali ambapo mtoto wa jirani anaingia kuangalia baba anatengeneza nini. Kwangu hilo peke yake linamaliza mjadala.

Ninunue boksi la ukubwa gani?

Kubwa kuliko unavyofikiri. Pawa saplai ya wati 350 aina ya LRS-350 ina urefu wa milimita 215 na upana wa 115. Draiva ya DM542 ni karibu milimita 118 kwa 75, na inatakiwa isimame wima na iachiwe nafasi pande zote ili hewa ipande. Ukiongeza breka, kontakta, bodi ya kontrola, reli ya konekta na tranki za kupitishia nyaya, boksi la milimita 400 kwa 300 linajaa kabla hujamaliza. Mimi nashauri milimita 600 kwa 400, kina cha 200. Ni saizi inayopatikana madukani, na inakuachia nafasi ya draiva ya nne siku utakapotaka mhimili wa kuzungusha kazi.

Kabla ya kununua, chukua kadibodi, ukate vipande vyenye ukubwa halisi wa kila kifaa, uvipange sakafuni. Chora na nyaya pia, maana watu wengi hupima vifaa wakasahau kwamba waya nao una unene na hautaki kukunjwa ghafla. Kadibodi ni bure, bati likishatobolewa halirudi.

Bati, plastiki, mbao, au kesi ya kompyuta ya zamani?

Bati la chuma la milimita 1.2 hadi 1.5, yaani geji 18 au 16. Linazuia moto, linapitisha joto kwenda nje, linashika ethi, na linakinga bodi dhidi ya kelele za umeme, yaani umeme mchafu unaoivuruga.

Plastiki inaziba vizuri na haishiki kutu, ila inakaa na joto ndani na haizuii kelele hata kidogo. Mbao ngumu zinaweza kushika moto, na MDF (ubao wa unga wa mbao) kwa unyevu wa Dar itavimba. Kesi ya kompyuta ndiyo ninayoulizwa zaidi kwa sababu kila fundi kompyuta ana lundo lake. Inafaa kwa mashine inayochonga mbao au plastiki, ikikaa mbali na mashine yenyewe, na uwe tayari kuziba matundu yote ya mgongoni kwa bamba. Kwa mtu anayekata alumini au chuma kwa maji ya kupozea, siishauri.

Nitalipata wapi hapa mjini?

Njia mbili. Ya kwanza ni maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, uulize boksi la chuma la kuning'iniza ukutani lenye bamba la ndani la kufungia vifaa. Angalia namba ya IP iliyoandikwa, inayoonyesha boksi linazuia vumbi na maji kiasi gani. IP54 inatosha kwa karakana ya nyumbani, na maana yake ni kwamba vumbi la kudhuru haliingii na maji ya kurukia hayaleti shida. IP65 na IP66 ni za mahali panapooshwa kwa mpira wa maji. Usisahau kwamba ukitoboa tundu la feni, ile namba ya IP imekufa mpaka wewe mwenyewe uirudishe kwa chujio na mfuniko.

Ya pili ni kuchongewa. Gerezani kuna mafundi wa bati wanaokunja vizuri sana, na Vingunguti kwenye karakana za SIDO vilevile. Mpelekee fundi mchoro wenye vipimo vya milimita, usimwelezee kwa mikono. Mwambie mambo matatu: mlango uwe na mkunjo wa ndani wa kushikia mpira, bamba la ndani liwe la kutolewa, na rangi isipakwe kwenye bamba hilo. Kama anaweza kukulinganishia bamba la alumini la milimita 3, bora zaidi, kwa sababu draiva zitakuwa zinamwaga joto lake humo.

Joto la Dar nalo? Si litaua kila kitu kikifungiwa?

Hili ndilo swali lenyewe, na miongozo mingi iliyoandikwa kwa karakana za Ulaya inalipita haraka kwa sababu kule chumba kina nyuzi 18. Hapa kuanzia Desemba hadi Machi mchana tunakuwa kwenye nyuzi 31 au 32, na karakana yenye paa la bati inapita hapo. Tupige hesabu.

Pawa saplai ikitoa wati 200 kwa ufanisi wa asilimia 88, inapoteza kama wati 27 kuwa joto. Draiva tatu, tuweke wati 10 kila moja, ni 30. Kontakta, pawa saplai ndogo ya volti 24 na bodi, tuseme 13. Jumla ni wati 70 hivi.

Boksi la chuma la 600 kwa 400 kwa 200 lililobanwa ukutani lina eneo la kutolea joto la kama mita za mraba 0.56, ukiacha mgongo na chini. Bati la chuma katika hewa tulivu hutoa karibu wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Gawanya 70 kwa jibu la 5.5 mara 0.56, unapata nyuzi 23 hivi. Maana yake, karakana ikiwa na nyuzi 32, ndani ya boksi lililozibwa kabisa ni 55. Pawa saplai nyingi za aina hii huanza kupungukiwa uwezo zikivuka nyuzi 50. Draiva zenyewe hazitakiwi mwili wake uvuke 70, na hewa inayozizunguka ikiwa tayari ni 55 hakuna nafasi kubwa iliyobaki.

Kwa hiyo kuziba kabisa inawezekana kwa mashine inayofanya kazi nusu saa kisha ikapumzika. Kwa kazi za saa tatu nne unahitaji hewa. Hesabu yake ni rahisi: zidisha wati kwa 3.1, gawanya kwa nyuzi za tofauti unazokubali, unapata mita za ujazo za hewa kwa saa. Tukikubali tofauti ya nyuzi 5, ni 70 mara 3.1 gawanya kwa 5, yaani kama 43. Feni ya milimita 120 ya kawaida, ikiwa wazi, inasukuma kama mita za ujazo 100 kwa saa. Ukiiwekea chujio hesabu nusu yake. Inatosha feni moja.

Jambo dogo linalosaidia sana: kwenye DM542 kuna swichi ndogo ya kupunguza mkondo mota ikisimama, namba 4. Iweke kwenye nusu. Mota zinazosubiri hazina haja ya mkondo wote, na wewe huna haja ya joto lake.

Feni ivute au isukume? Na iwe juu au chini?

Isukume hewa kuingia ndani, iwe chini, nyuma ya chujio. Hewa itokee juu upande wa pili. Feni inayotoa hewa nje inafanya boksi linyonye kwa kila upenyo, na vumbi la alumini litapita pembeni ya mlango bila kugusa chujio lako. Feni inayosukuma ndani inalifanya boksi lipumue kwenda nje kwenye kila upenyo, kwa hiyo hewa yote iliyomo ni ile iliyochujwa.

Tundu la kutokea lisitazame juu. Lifanye ubavuni na ulifunike kwa kofia ya bati inayoelekea chini. Halafu, upande wa ndani, gundisha wavu wa mbu. Mende, sisimizi na mijusi wanapenda sana boksi lenye joto, na mjusi akilala juu ya konekta za volti 230 atakufa yeye na atakuzimia mashine. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo nao huziba tundu lililo wazi kwa wiki moja. Chujio lioshe kila unapoona limebadilika rangi, wakati wa kiangazi itakuwa mara nyingi.

Ninaishi Kigamboni karibu na bahari. Kuna la ziada?

Ndiyo, chumvi. Tumia bolti na washa za chuma kisichoshika kutu, paka grisi kidogo kwenye ncha za konekta zilizo nje ya boksi, na usiache nyuzi za shaba wazi: kila waya uwe na feruli (kikofia cha chuma cha kufunika ncha) iliyobanwa kwa koleo lake. Wakati wa masika, kama mashine inakaa wiki nzima bila kazi, mifuko michache ya silika ndani ya boksi inasaidia, ilimradi umeziba tundu la feni kwa mfuniko. Kuwasha mashine dakika chache kila siku mbili tatu kunasaidia zaidi, joto lake lenyewe hufukuza unyevu.

Ethi ya nyumba ninayopanga nina shaka nayo. Naweza kuendelea na boksi kisha niishughulikie baadaye?

Hapana. Anza na ethi.

Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo lile la tatu haliendi popote, au linaenda kwenye waya uliokatikia juu ya dari. Kwa mashine ya chuma unayoishika kwa mikono miwili, mara nyingine ikiwa na maji ya kupozea, hilo halikubaliki. Na usijiridhishe kwa kupima kwa multimita ya kidijitali kati ya laini na ethi ukaona volti 230 ukasema ipo. Mita hizo zinahitaji mkondo kidogo mno, zinaweza kukuonyesha volti kwenye waya ambao kiukweli hauwezi kubeba chochote. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, apime kwa kifaa cha kupimia ethi, na kama hakuna, apigilie nondo ya shaba na kuivutia waya mpaka kwenye meni swichi. Zungumza na mwenye nyumba, inamfaa na yeye.

Ndani ya boksi, chagua bolti moja ya M6 au M8 iwe kituo cha ethi zote. Hapo ndipo watu hukosea kwa sababu panaonekana pamekamilika. Rangi ya boksi haipitishi umeme. Kwangua rangi kwa msasa kuzunguka tundu mpaka uone chuma kinang'aa, weka washa ya meno, kisha kituo cha waya, kisha washa na nati mbili. Ukishakaza, paka rangi au grisi juu ya mkusanyiko wote ili kutu isiingie mahali ulipokwangua. Kutoka kwenye bolti hiyo, kila kitu kiwe na waya wake: pawa saplai, bamba la ndani, mwili wa mashine, VFD (kifaa kinachobadilisha kasi ya spindo) kama ipo. Usiruke kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, maana siku utakapokifungua cha katikati, vya mbele vyote vinabaki bila ethi. Mlango nao uwe na waya wake laini wenye nyuzi nyingi. Bawaba si ethi, hasa zikishapakwa rangi.

Ukimaliza, plagi ikiwa nje ya soketi, pima kati ya mguu wa ethi wa plagi na meza ya mashine. Gusisha kwanza ncha za mita zenyewe uone zinasoma nini, kisha utoe kiasi hicho. Kinachobaki kiwe karibu na sufuri. Ikiwa kinacheza ukitikisa waya, kuna mahali hapajakazwa.

Umeme ukikatika mashine ikiwa inakata, kisha ukarudi, itakuwaje?

Inategemea umejengaje boksi, na hapa Dar ni lazima ulijenge ukijua kwamba siku hiyo itafika. Boksi lenye swichi ya kawaida tu ya kuwasha na kuzima litarudisha umeme kwa kila kitu mara TANESCO wanaporudisha. Kama spindo yako inaendeshwa na swichi yake ya mkono, itaanza kuzunguka yenyewe. Wakati huo pengine wewe umeinama unatoa kata au unafagia meza.

Dawa yake ni kontakta inayojishikilia. Unahitaji kontakta yenye koili ya volti 24 DC, kitufe cha kijani kinachofunga kikibonyezwa, kitufe chekundu kinachofungua kikibonyezwa, na swichi ya dharura. Umeme wa koili unapita kwanza kwenye swichi ya dharura, kisha kitufe chekundu, kisha cha kijani, ndipo ufike kwenye koili. Sambamba na kitufe cha kijani unaunganisha mguso wa ziada wa kontakta yenyewe, ule unaofunga kontakta inapovuta. Ukibonyeza kijani, kontakta inavuta, mguso wake unafunga, na inajishikilia hata ukiachia kidole. Umeme ukikatika inaachia. Umeme ukirudi, hakuna kinachotokea mpaka mtu aje abonyeze kijani. Kupitia kontakta hiyo pitisha umeme wa pawa saplai ya mota na wa spindo, vyote viwili.

Kwa nini volti 24 DC wakati maduka yamejaa koili za 230? Kwa sababu kontakta imetengenezwa kuvuta vizuri kuanzia asilimia 85 ya volti zake. Kwa koili ya 230 hiyo ni kama volti 195, na jioni watu wote wakiwasha vitu vyao kuna mitaa inayoshuka hapo. Kontakta itaanza kutetemeka, na miguso yake itaungua. Pawa saplai ndogo ya volti 24 inayokubali kuanzia 85 hadi 264 haijali kushuka huko, na koili inapata 24 zake safi muda wote. Weka diodi ya 1N4007 kinyume sambamba na koili ili cheche ya kuachia isirudi kwenye vitufe.

Swichi ya dharura niiweke wapi?

Mahali unapoifikia bila kupitisha mkono mbele ya kata. Si lazima iwe kwenye mlango wa boksi. Kama boksi liko ukutani, vuta waya uilete ukingoni mwa meza. Iwe nyekundu kwenye kitako cha njano, na mguso wake uwe ule uliofungwa wakati wa kawaida, ili waya ukikatika mashine isimame badala ya kuendelea ukidhani una kinga.

Jaribu jambo moja kabla ya kuiamini: mashine ikiwa imesimama na kichwa kiko juu, bonyeza uone kichwa kinafanya nini. Mota za stepa zisipokuwa na umeme hazishikilii, na bolskrubu haijizuii kama skrubu ya kawaida ya mashine. Kichwa kizito kinaweza kushuka chenyewe juu ya kazi. Kikishuka, weka uzito wa kukisawazisha au springi ya gesi.

Naweza kutumia pawa saplai ya volti 48 ili mota ziende kasi?

DM542 inakubali volti 20 hadi 50. Mota inapopunguza mwendo ghafla inarudisha umeme kwenye draiva, na kutoka 48 hadi 50 hakuna nafasi. Baki na 36. Kama kweli unahitaji 48, nunua draiva zinazokwenda juu zaidi.

VFD ya spindo iingie humohumo ndani?

Ukiweza, ipe boksi lake. VFD inatoa joto jingi na kelele nyingi za umeme kuliko vifaa vingine vyote kwa pamoja. Ikilazimika kukaa humo, iwe kona moja pamoja na nyaya za 230, na bodi ya kontrola iwe kona ya mbali kabisa. Nyaya za spindo ziwe za ganda la shaba, ganda hilo likiwa limeshikwa ethi kwenye VFD. Nyaya za umeme mkubwa na za mawimbi (ishara) ya bodi zikikutana, zikatane kwa pembe mraba, zisitembee pamoja.

Dalili za kelele zinajulikana: limiti swichi (zinazoonyesha mhimili umefika mwisho) zinajibonyeza zenyewe spindo inapowashwa, au USB inakata katikati ya kazi. Watu hukimbilia kubadilisha bodi. Anza na nyaya. Kama unatumia GRBL (programu ya kuendesha CNC) kwenye bodi ya Arduino, pini zake za limiti zinavutwa juu kwa nguvu ndogo sana na waya wa mita mbili ni antena tosha; kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya pini na ardhi ya bodi, pamoja na waya wa ganda ulioshikwa upande mmoja tu, mara nyingi humaliza tatizo. Bora zaidi ni limiti swichi za volti 24 zinazopita kwenye optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga. Na kwa kompyuta, bodi inayotumia kebo ya mtandao ni imara kuliko ya USB, kwa sababu mtandao wa kebo una transfoma ndogo zinazotenganisha pande mbili.

Kitu kingine: VFD huvujisha mkondo kidogo kwenye ethi, na breka ya kinga ya miliampia 30 (inayokata umeme unapovuja) inaweza kuanguka kila ukiwasha. Wapo watakaokushauri ukate ethi ili isianguke. Usikubali kabisa. Mwambie fundi umeme aipe mashine laini yake.

Nitumie waya wa unene gani na breka gani?

Kwa 230 ndani ya boksi, milimita za mraba 1.5. Kwa volti 36 kwenda kwenye draiva na kwa mota, 0.75 hadi 1. Kwa mawimbi, 0.25 hadi 0.5. Rangi: kahawia laini, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Ukikuta nyumba ya zamani yenye nyekundu na nyeusi, nyekundu ni laini na nyeusi ni nyutro, lakini pima kwanza, usiamini rangi.

Pawa saplai ya wati 350 inavuta kama ampia 3.4 kazini, ila inapowashwa ikiwa baridi inaweza kupiga ampia 60 kwa kitambo kifupi mno. Kwa hiyo breka iwe ya mkunjo C, inayovumilia pigo fupi la kuwasha, ampia 6 au 10. Ya mkunjo B itaanguka siku nyingine bila sababu na utaihangaikia bure.

Kila waya uwe na namba kwenye ncha zote mbili, na namba hizo uziandike kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya mlango.

Nyaya za mota ziingie kwa glandi au kwa plagi za duara?

Plagi za GX16 zinapendeza na zinarahisisha kuhamisha mashine. Glandi, ile nati inayobana waya mahali unapoingia, ni rahisi, inaziba vizuri na haina mguso wa kulegea. Mimi napenda glandi kwa mashine isiyohama. Ukichagua plagi, andika kwa maandishi makubwa juu ya kila moja: USICHOMOE UMEME UKIWAPO. Kuchomoa mota draiva ikiwa na umeme kunaweza kuua draiva papo hapo. Nyaya zote ziingie kutoka chini ya boksi, zikiwa na mzingo mdogo kabla ya kuingia ili maji ya kupozea yadondoke pale, yasifuate waya ndani.

Kompyuta nayo iingie ndani?

Bodi ndogo kama Raspberry Pi, sawa. Kompyuta nzima hapana, inaleta joto lake na itahitaji kufunguliwa mara kwa mara. Iweke nje na uipe UPS yake. Hata umeme ukikatika utajua programu ilikuwa imefika mstari gani.

Nimemaliza kufunga. Nawashaje mara ya kwanza?

Kwanza hakikisha kila tundu limetobolewa kabla ya vifaa kuingia. Ukigundua umesahau moja, toa bamba zima nje ndipo utoboe. Fagia, pitisha sumaku, piga hewa.

Kisha angalia ubavuni mwa pawa saplai. LRS-350 ina swichi ndogo ya 115 na 230 inayoonekana kupitia tundu la kifuniko, ya kusogezwa kwa bisibisi. Ikiwa iko 115 na ukaichomeka kwenye soketi ya Dar, itapasuka sekunde hiyohiyo. Iangalie hata kama muuzaji amekuapia.

Chomoa waya zote za volti 36 kwenye draiva. Washa, bonyeza kijani, pima pawa saplai: iwe 36. Bonyeza dharura, kontakta iachie. Chomoa plagi ukutani kontakta ikiwa imevuta, rudisha, uone kwamba haijavuta yenyewe. Zima, subiri dakika tano. Kapasita za ndani ya pawa saplai na za VFD hubaki na volti kama 325 baada ya kuzima, kwa hiyo pima kabla ya kugusa.

Sasa unganisha draiva moja, ukihakikisha chanya na hasi mara mbili, maana DM542 ikigeuziwa haina kinga. Weka mkondo wa mota kulingana na kibandiko chake, unganisha mota ikiwa mezani, haijafungwa kwenye mashine, na uizungushe polepole. Ikienda sawa, draiva ya pili, kisha ya tatu. Baada ya hapo funga mlango, acha mashine izunguke hewani kwa saa nzima, uje ufungue na kupima joto la mwili wa draiva na la pawa saplai. Fanya jaribio hilo saa nane mchana, si usiku.